Inchi Kumi

Gerezani, Fundi Pazi kapanga rimu ukutani:
"Chukua kumi na tatu, dada. Kigari kitasimama,
madimbwi ya Jangwani utayavuka umekunja nne."

Tukajaribu. Kikasimama kweli,
kama mtoto ndani ya viatu vya baba yake.
Nilipokata kona, tairi likatafuna madigadi,
krrr,
na mita ikasoma arobaini;
pikipiki ya Pazi, ubavuni, ikasema hamsini.

Mita ile ndiyo daftari la marehemu mama:
Ilala, Muhimbili, zamu ya usiku, kurudi na mkate.
Haijaongopa hata kilomita moja.

"Nirudishie kumi," nikasema.
Pazi akacheka, akaokota spana.
"Basi mvua ikinyesha, usinipigie."

Ikanyesha Jumanne.
Nikampigia.