Buluu ya Nini

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, saa mbili usiku,
Taprandich hupiga simu kutoka Kisumu, zamu ya usiku wodini,
akijipepea kwa jalada la faili,
nami huku Molo nimevaa sweta mbili na kofia ya kufumwa.
Haulizi habari. Anauliza:
"Umepaka povu?"

Nimepaka. Sabuni ya kipande ndani ya kikombe kilichokatika mkono,
brashi ya kunyolea niliyoiacha nilipofuga ndevu;
nikazungusha shingo ya mtungi, kichwa cha regileta,
mpira wote wa rangi ya chungwa hadi unapoingia kwenye hita.
Nikachuchumaa kama anayengoja kifaranga atoboe yai.
Povu halikuvimba. Halikupumua.

"Mpira ni wa mwaka gani?"
Umeandikwa ubavuni, herufi za kusomwa kwa tochi.
Namsomea. Anahesabu kwa vidole, namsikia akihesabu.
"Mwakani mwezi wa tatu tuubadilishe. Panya hawajauonja?"
Hawajauonja.
"Dirisha?"
Liko wazi, upana wa viganja viwili vya Cheruto,
na baridi ya Mau inaingia bila hodi
kama shemeji anayedai.
Nyumba gani hii, tunalinunua joto
kisha tunalifungulia njia likasalimie majirani?
"Afadhali mafua," asema, "kuliko usingizi ule."

Usingizi ule hatuutaji jina.
Mwaka jana aliupokea wodini mara mbili:
watu wa jiko la makaa lililoingizwa chumbani,
mlango umefungwa, nguo zimezibwa chini ya mlango.

Mwisho huja swali lenyewe.
"Moto una rangi gani?"
Buluu.
"Buluu ya nini?"
Basi sharti nitafute. Buluu ya sweta ya shule ya Kibiwott
kabla haijapauka. Buluu ya muhuri wa chifu.
Siku moja nilisema, ya ile leso yako,
akacheka mpaka mwenzake akamuuliza kulikoni.

Julai hii nilisema buluu
nikakwama kwenye ya nini.
Vigae viwili vilikuwa sawa. Cha tatu, cha kushoto,
kilitoa ulimi wa manjano, mrefu, mvivu,
unaolamba wavu na kuupaka masizi kama wanja.
Ningeweza kusema muhuri wa chifu.
Watoto walikuwa wameshaketi mbele yake, miguu wameinyoosha.

Nikasema: cha kushoto kina manjano.
Hakupaza sauti.
"Funga mtungini kwanza. Fungua mlango. Usikate simu."

Tulilala watatu kitanda kimoja,
blanketi nne na koti la mvua juu yake,
Cheruto akidai nyayo zangu ni samaki wa kwenye friji.

Asubuhi akaja fundi Ongaki, mtu wa maneno machache.
Akafungua parafujo sita, akazipanga juu ya gazeti,
akapenyeza waya mwembamba wa kutungia shanga,
akavuta polepole,
na nchani ikatoka nyumba:
utando mweupe, si mkubwa kuliko punje ya mchele,
na mwenyewe ndani, buibui, amejikunja.
"Hii harufu ya gesi wanaipenda," akasema.
"Sijui wanaionaje."
Harufu waliyotutilia sisi ituamshe, itutoe mbio,
yeye aliisikia kama karibu ndani.
Kibiwott akambeba kwenye kasha la kiberiti
hadi kwenye kabeji.

Usiku ule nikapiga mimi.
Haikuwa Jumapili. Akapokea kabla haijaita mara ya pili,
"Nini? Nini?"
Hakuna kitu. Vigae vitatu. Buluu.
Nikasikia feni ya Kisumu ikizunguka, kiti kikiburutwa,
mtu akikaa.
"Buluu ya nini?"

Ngoja, nikamwambia,
nivae miwani.