Kisanduku Kimoja Tu

Karani wa dirisha la tatu ananisukumia fomu.
*Aina ya muziki: tia tiki kisanduku kimoja tu.
Maneno ya nyimbo: ambatanisha nakala mbili.*
Namwambia hakuna maneno.
Ananitazama kama nimeleta bahasha isiyo na barua.

Nianzie wapi, dada yangu?
Tarumbeta ya Mbijima ilikulia kwenye gwaride,
mpaka leo ikikaribia noti ya juu inanyoosha mgongo.
Gitaa la Ndahani lililelewa na rumba
katika baa ya nyuma ya stesheni,
enzi treni ikichelewa na abiria wakicheza na mizigo kichwani.
Kinanda tuliazima kanisani; kila tukikigeuza kuwa jazi
kinarudi kwenye amina.
Ilimba ni ya Chilongani wa Nzali,
chuma chake kimoja ni spoki ya baiskeli
na ndicho kinacholia vizuri kuliko vyote.
Mimi besi. Besi haina kwao.

Mama Sechelela alikuja na ngoma yake ya muheme,
akaibana mapajani, akauliza, "Nani anaanza?"
Hatukujua. Tukaanza.

Ilikuwa ghala la zabibu, Hombolo,
kuta zikinuka mvinyo wa mwaka juzi.
Kipande cha nne, dakika ya sita, umeme ukakatika.
Gitaa likafa mdomo wazi.
Besi yangu ikawa ubao.
Mashine ya kurekodi ilikuwa na betri, haikujua msiba.
Ikabaki ngoma.
Ikabaki ilimba, ikitembea kama mtu
anayepapasa ukuta gizani, nyumbani kwake.
Kisha tarumbeta, magoti yamelegea —
miaka kumi na tisa nimekaa karibu na Mbijima,
sikuwahi kumsikia akiomba.

Kijana wa mitambo alitaka kulishona lile shimo.
Mama Sechelela akafuta jasho kwa upindo wa kitenge:
"Ukilishona, sisi tutapita wapi?"

Karani anagonga kalamu. Foleni inaguna.
Nampitishia waya chini ya kioo, sikio moja tu,
nasogeza hadi dakika ya tano na nusu.
Anasikiliza akitazama feni.

"Imekatika," anasema.
Nasema ndiyo.
Nyuma yangu mtu anauliza kama leo tutahudumiwa.
Yeye anainua kidole, ngoja,
na waya haurudishi.