Mlango, Onyesho la Tatu

Walipogawa sehemu, Namsifu akapata Mama,
Mbazi, kwa lile besi lake la ghafla, akapata Baba,
Aikaruwa akapewa jirani mmbea
na kurasa mbili za kucheka.
Mimi nikapewa sinia, kilo ya kahawa ya maganda,
mfuko wa nailoni
na karatasi iliyosema: Mvua. Moto. Mbuzi. Mlango.

Studio yetu ilikuwa stoo ya majembe nyuma ya bwalo.
Tulitundika magodoro ya bweni ukutani,
yenye ramani za vikojozi wa kidato cha kwanza,
tukaapa kutozisoma.
Mwalimu Kaanaeli alileta kinasa sauti
amekiviringisha kwenye kanga
kama mtoto anayepelekwa kliniki.
Akasema: Redio haina macho.
Mkilia, lieni kwa koo. Machozi hayasafiri.

Mvua ilikuwa rahisi,
kahawa juu ya sinia, taratibu, kisha kwa hasira.
Moto ni nailoni ukiifinya karibu na kipaza sauti.
Mbuzi, samahani, nilikuwa mwenyewe.
Siku ya pili mvua ya kweli ikashuka kutoka mlimani,
ikalipiga bati, tukainasa kwa pupa;
tuliporudisha kusikiliza, tukamsikia mtu
anakaanga maandazi.
Tukaifuta. Tukarudi kwenye kahawa.

Mlango ndio uliotushinda.
Baba anaondoka alfajiri, haagi.
Mama amelala, au anajifanya.
Milango yote ya shule ni ya chuma,
ukiifungua unasikia jela.
Mwalimu akatikisa kichwa:
"Huyu anaondoka kwake, hatoroki mahabusu."

Jumamosi nikapanda Kibosho
na kinasa katikati ya madaftari.
Mlango wa jiko la bibi ni wa mringaringa,
una bawaba moja inayolalamika
na nyingine iliyokwisha kata tamaa.
Bibi alikuwa kanisani, kwenye mazoezi ya kwaya.
Nikangoja kuku wanyamaze.
Mfereji haukunyamaza, nikauacha uwemo, kwa mbali.
Nikavuta mara tisa, mara tisa nikasikia mwigizaji.
Ya kumi nikachoka,
nikaufungua tu, kama mtu anayetoka.

Wiki iliyofuata tukamaliza.
Aikaruwa alicheka pasipopaswa, tukakiacha kicheko;
Mbazi alisema "mwanangu" na sauti ikampasukia,
akaomba turudie, Mwalimu akakataa.

Redio ya mjini ilituweka hewani
Jumapili ya kwanza ya likizo,
baada ya matangazo ya vifo na ya saruji.
Bibi aliiweka redio juu ya debe la mahindi.
Akamkunjia uso Mbazi, akamsonya jirani,
mvua ilipokuja akauvuta mtandio mabegani
bila kujua ameuvuta.
Kisha mlango.

Mikono yake ikasimama ndani ya ungo wa maharage.
"Nani kamwambia aunyanyue kwanza?"
Nani, bibi?
"Mlango wangu huo. Watu wote wanauvuta tu.
Baba yako ndiye aliyekuwa akiunyanyua kidogo
kabla ya kuvuta, ili nisisikie."
Akapuliza makapi.
"Nilikuwa nikisikia."

Baba alikwenda Mererani nikiwa na miaka minne.
Siukumbuki mkono wake
kwenye mlango wowote.
Nilitazama wangu, ulikuwa na unga wa ugali
na alama ya kalamu kwenye kidole gumba.

Redioni Mama alikuwa anaamka, anaita jina.
Namsifu aliita vizuri, kwa koo, hadi mwisho wa pumzi,
na hakuna aliyeitika, kama tulivyoandika.
Bibi akarudia maharage yake,
akatoa jiwe, akaliweka kizingitini,
akatoa la pili.
Kisha akaniuliza yule mbuzi ni wa nani,
maana anaumwa yule,
mwambieni mwenyewe amwite bwana mifugo.