Godoro Moja Pungufu

Kazi yenyewe ilikuwa kuhesabu.
Likizo ndefu, wanafunzi wamekwenda kwao,
kilimani pale Dodoma umebaki upepo
na sisi wanne:
Sechelela mwenye daftari,
Nkwabi mwenye funguo, rundo zima kiunoni,
akitembea kama mbuzi wa kengele,
Mwanahawa wa Kondoa, aliyepanda ngazi bila kuhema,
godoro kichwani, umbea mdomoni,
na mimi, mwenye chaki.

Bweni la kwanza hadi la tisa.
Kitanda: kizima, kimelegea, kimekufa.
Bomba: linatoa maji, linatoa hewa, linatoa ahadi.
Nilichora alama mlangoni,
vumbi la Agosti likaifunika
kabla hatujafika mwisho wa korido.

Na ile baridi ya asubuhi, ambayo watu wa pwani hawaiamini,
ilitukuta tumejikunyata juani nje ya stoo,
kikombe kimoja cha chai ya tangawizi, mikono minane.
"Kwetu Bariadi hili ni joto," alisema Nkwabi,
meno yakigongana.

Niliwaambia nimepanga chumba Ng'hong'hona.
Nikataja hadi rangi ya mlango: bluu.
Mwanahawa akauliza, mama mwenye nyumba anaitwa nani?
Nikatoa jina la shangazi yangu.
Akatikisa kichwa taratibu: "Ooh, huyo namfahamu."
Shangazi yangu yuko Tunduru.
Hajawahi kuiona reli, sembuse Dodoma.

Kumbe mlijua.
Tangu wiki ya kwanza mlijua nalala mle stoo,
nyuma ya yale magodoro yaliyotobolewa na panya,
kwamba nauli ya kwetu niliila kwenye ada.
Sechelela akaanza kuzidisha mlenda, "kwa bahati mbaya".
Nkwabi akaanza kusahau ufunguo,
kila jioni, mahali palepale, juu ya mita ya umeme,
yeye asiyewahi kusahau hata deni la shilingi mia.
Mwanahawa akaleta blanketi, ati nimtunzie.
Hadi leo hajalidai.
Hakuna aliyesema neno. Nami sikusema.
Wema wenu ulikuwa na adabu zake:
ulibisha hodi, kisha ukageuza uso.

Ijumaa ya mwisho hesabu ikagoma.
Elfu moja mia nne na kumi na mbili,
kasoro moja.
Bi Chidumizi wa mabweni akavaa miwani: "Rudieni."
Tukarudia, ghorofa kwa ghorofa, jasho na vumbi.
Kasoro moja.
Kwa sababu lile langu hamkulihesabu, wala mara ya pili.
Mlipita kando yake
kama mtu apitavyo kando ya aliyelala.

Nilifungua kinywa nijitaje.
Nkwabi akanikanyaga mguu.
Ndipo Sechelela,
mtu wa kufuta mstari mzima kwa kosa la koma,
akajaribu kalamu kiganjani, akaandika pembeni:
*Moja liko katika matumizi.*
Bi Chidumizi akasoma.
Akaniangalia mimi, hakuliangalia daftari.
Akapuliza muhuri, akagonga.

Sasa nina kitanda chenye neti na taa ya kusomea.
Mwezi uliopita Sechelela alinitumia zabibu kwa basi,
zikafika nusu juisi, karatasi imeandikwa *hesabu vizuri*.
Nilicheka peke yangu pale stendi
hadi mpiga debe akaniuliza kama niko salama.

Niko salama.
Ila hii asante, jamani,
miaka sita naihangaikia kama lile godoro kubwa
tulilopandisha ghorofa ya nne siku ya upepo:
si zito, ila halina pa kushika,
linajikunja, linaziba macho,
linataka kurudi na mimi chini.
Njooni mshike upande wa pili.