Saa Moja ya Ayikoru

Kutoka Entebbe hadi Maskati
ni kilomita elfu tatu mia nane na ushei,
ukinyoosha mstari bila kujali milima wala mipaka.
Saa tano na dakika kumi angani.
Basi letu la kutoka Arua, siku tuliyomsindikiza,
lilichukua saa tisa kufika Kampala tu,
pamoja na pancha ya Karuma
na askari aliyetuhesabu mara mbili.

Mimi ni fundi saa. Kibanda changu kiko nyuma ya soko la Arua:
meza, lenzi, kopo la betri zilizokufa.
Namba hizi nimezishika
kama ninavyoshika gurudumu la Seiko,
kwa kibano, pumzi nimeibana.

Tiketi iliandikwa 04:10.
Mama akaisoma tunavyosoma sisi:
saa nne, umande umeshakauka.
Nami, ninayelipwa kwa kujua wakati,
sikuwa karibu kumwambia. Nilikuwa njiani narudi,
nimesinzia, kichwa kinagonga kioo.

Saa nne na dakika kumi akatoka uani,
viganja vyeupe kwa unga wa muhogo,
akatazama juu, akamwomba Mungu
ndege ya mwanawe ipae salama.
Ayikoru alikuwa ameshatua.
Alikuwa kwenye foleni, vidole vinne juu ya kioo kinachomulika,
pasipoti yake mkononi mwa mtu mwingine.

Dua ile ilikwenda wapi?
Mama anasema haikupotea.
Anasema ipo, haijatumika.

Kilichopotea ni saa moja.
Kule wametutangulia kwa saa moja,
kwa hiyo mahali fulani juu ya maji
mtu aliichukua kwa dada yangu akiwa amelala,
wala haikuandikwa kwenye bei.
Mkataba ulikuwa wa miaka miwili.
Huu ni wa nne.

Ijumaa hupiga simu, ananong'ona
kutoka chumba cha kupigia pasi.
"Huko saa ngapi?"
"Tatu. Na huko?"
"Nne," anasema, kama mtu anayetaja deni,
halafu mlango unafunguliwa na simu inakatika.

Nimetundika saa mbili ukutani.
Moja ya Arua. Ya pili naisogeza mbele,
naifuta vumbi kabla ya ile yetu.
Wateja huinyooshea kidole:
fundi, mbona hii mbovu?
Hapana, nawajibu. Hii iko kazini.

Akirudi atarudishiwa, ndivyo hesabu inavyosema:
ukiruka kuelekea magharibi, saa yako unaipata.
Nilimweleza Mama kwa kijiti mchangani.
Akanyamaza, akachambua mboga hadi mwisho,
akasema saa hiyo isiguswe na mtu,
si wageni, si mchungaji, si picha.
Ni ya kulala.

Kisha akaniita tena, nikiwa nimeshafika langoni.
Tiketi ya kurudi ikiandikwa nne, akauliza,
ni nne ya nani?