Nakaa Pasua

Nesi Felista anapapasa juu ya kitovu,
anasita, anarudi, anabonyeza tena
kama mtu anayechagua parachichi Kiboriloni.
"Hapa," ananiambia, "ndipo kichwa kilipo."
Wiki ya thelathini na sita.
Mwanangu amekaa kitako
kama mgeni aliyekaribishwa mbege
na haoni sababu ya kuinuka.

Daktari Lyaruu anachora kwa kalamu ya bluu
nyuma ya kadi yangu ya kliniki:
duara, na ndani yake mtu mdogo mwenye kiburi.
Tunaweza kujaribu kumgeuza, anasema,
mikono miwili juu ya ngozi, polepole,
huku tukiusikiliza moyo wake;
wengine hukubali, wengine hugoma.
Tunaweza kupanga siku ya kupasua.
Au umzae hivyo hivyo, makalio mbele,
kama njia inatosha, na kama usiku huo
zamu imemwangukia mtu anayejua.
"Unakaa wapi?"
"Pasua," nasema,
tunacheka wote wawili, mimi nikichelewa kidogo.

Nyumbani mama mkwe ameleta jani la isale,
lile la kumwombea msamaha uliyemkosea.
Analilaza tumboni, anamsemesha mjukuu
Kimachame, neno moja moja, kama anamdai.
Elinami anasoma kwenye simu:
piga magoti, kifua chini, kiuno juu.
Nafanya. Naona uvungu wa kitanda,
soksi niliyoitafuta tangu Pasaka.
Mtoto anapata kwikwi. Hageuki.

Dirishani Kibo imejitoa kwenye wingu,
imekaa vilevile, kichwa juu,
na hakuna aliyewahi kuiambia igeuke.

Usiku nampigia mama, Kibosho.
Kimya. Nasikia ng'ombe wake akikohoa.
"Wewe ulikuja hivyo," anasema.
Miaka ishirini na tisa hakunitajia.
"Matako kwanza. Shangazi yako Ndeanasia
alikalia mikono yake mwenyewe
asije akashawishika kukuvuta.
Kichwa kilichelewa
kiasi cha Baba Yetu mbili."
Halafu: "Wewe nenda hospitali.
Mimi sikuwa na cha kuchagua."

Alhamisi wakanipaka mafuta, wakasukuma.
Akafika nusu, akajilaza mkingamo
kama mgomba ulioangushwa na upepo njiani,
akafikiri,
akarudi alikotoka.
Moyo wake haukuyumba. Wangu ndio.

Basi nimesaini. Jumatatu, saa mbili asubuhi.
Kanga tatu zimo kwenye begi, na soksi ile.
Mama mkwe ameshakata mkungu wa mtori, mapema mno,
na jani lake bado liko chini ya mto;
sijaliondoa.

Naye huko ndani ameketi wima,
sikio lake chini kidogo tu ya moyo wangu,
karibu kuliko walivyowahi kukaa wenzake
waliotii.