Jumanne ni ya Mshipa

Mwongozo wetu una kurasa arobaini na moja.
Ukurasa wa tisa una doa la chai,
doa langu, la usiku ule umeme ulipokatika
nikausoma kwa mwanga wa simu, nimeibana kwa meno,
nikitafuta kipimo cha msichana wa kilo thelathini na mbili.

Anaitwa Ninsiima. Miaka kumi na mitatu.
Ametoka Rubanda, juu kwenye viazi na ukungu,
na uboho wake umejaa chembe changa
zisizojua kazi, zinazozaana tu,
hadi zenye kazi zikakosa pa kukaa.

Ukurasa wa tisa hausemi kwa mapambo:
Vinkristini ni ya mshipa. Ya mshipa tu.
Dawa ya mgongo ina siku yake, ina chumba chake.
Zisikutane kwenye trei moja.

Mama yake, Kobusingye, amesimama mlangoni,
leso ina fundo, na ndani ya fundo nauli.
"Sista, leo Jumanne. Mgongo mnasema Alhamisi.
Basi la Kabale linaondoka saa saba.
Nyumbani nimeacha wanne, wa mwisho ananyonya.
Zote si sindano? Mchome leo, twende zetu."

Najua hesabu ya fundo lile.
Siku mbili Mbarara ni ndizi za kununua,
ni sabuni, ni choo cha kulipia.
Najua pia kwamba dawa moja ni angavu kama maji
na ya pili ina umanjano, na mchana kweupe
nani atazichanganya?
Lakini uchovu haujui rangi.
Kuna mtu mahali fulani, simjui jina,
alikosea mara moja, saa ya kwenda nyumbani.
Kila katazo humu lina kaburi lake.

Nikasema hapana,
mbele ya mama ambaye maziwa
yalikuwa yakimlowesha gauni.

Byamukama akasoma jina, nami nikasoma jina.
Akasoma dozi, nikasoma dozi.
Tukamwuliza mwenyewe: "Unaitwa nani?"
Akacheka. "Si mnanijua tangu Pasaka!"
"Unaitwa nani?"
Akatuambia.
Ndipo dawa ikashuka, tone kwa tone,
kutoka mfuko mdogo, si bomba la sindano,
maana hata hilo limeandikwa.

Saa saba ikapita.
Kobusingye alijikamua kwenye kikombe cha plastiki,
akamwaga kwenye sinki, polepole,
akafungua bomba, akasuuza, akakamua tena.
Jioni nikampelekea mkeka na bushera.
Mkeka aliupokea.

Alhamisi, chumba kingine, trei nyingine.
Ninsiima amejikunja, pingili zake zinahesabika,
daktari anatafuta nafasi kwa kidole gumba,
na mama, aliyemshika magoti,
ananitazama juu ya bega la mwanawe.
Si macho ya msamaha.
"Niandikie siku zote," anasema.
"Zote, mpaka ya mwisho. Nitakuja na huyu anayenyonya."

Anatoa kalenda ya kampuni ya mbegu,
mahindi manene upande mmoja, upande wa pili mtupu.
Nikaanza: Jumanne. Alhamisi. Jumanne.
Nafasi ikaisha kabla ya mwaka wa kwanza kwisha.
Akageuza karatasi.
Nikaandika juu ya mahindi.